Mkono Uliochuma Kilo Thelathini na Nane

Kwenye daftari langu la mwaka ule, Jumatano moja, nimeandika hivi: "Mvua asubuhi. Lori limechelewa. Koplo, kilo thelathini na nane." Nikisoma leo naona kila neno ni kweli, ila Koplo hakuwepo. Hakuleta kilo hata moja siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Lakini mimi nilikuwa karani wa kituo cha majani chai, upande wetu wa juu ya Kapkatet, na kitabu cha kiwanda kilikuwa na jina lake kando ya namba yake, basi nikaandika jina lake. Nilikuwa nimeandika hivyo miaka sita bila kujiuliza.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Sina hakika kama mtu wa darasa la saba anafaa kuandika mambo ya mtu mwingine. Nitajaribu tu kuwa wa haki, na mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Koplo alikuwa jirani yangu, mzee wa miaka sitini hivi wakati huo, katikati ya miaka ya tisini. Tulimwita Koplo kwa sababu alikuwa koplo, na pia kwa sababu alikataa kuitikia jina lingine. Akiwa kijana jeshi lilimpeleka kaskazini, kule kwenye mchanga, kupigana na mashifta, wale waasi wa mpakani. Lori lao likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Wenzake wengine walikufa. Yeye alirudi na mkono wa kulia ambao kwa kuutazama ulikuwa mzima, isipokuwa vidole vilikunjika nusu, havifungi wala havifunguki. Hungeweza kuupa kikombe. Yeye aliutumia kama msumari wa ukutani, alitundika vitu: kofia, mwavuli, kamba ya ng'ombe.

Lakini shida yake kubwa haikuwa mkono, ilikuwa kitabu alichopewa wakati wa kutoka jeshini. Ndani yake daktari wa jeshi alikuwa ameandika kwamba mkono utapona baada ya miezi sita, mwenyewe akiendelea na mazoezi ya vidole asubuhi na jioni. Koplo alifanya mazoezi miezi sita. Mkono haukupona, na hakuna aliyemwambia aache, basi akaendelea karibu miaka thelathini. Kila asubuhi ungemwona amesimama wima mlangoni kwake, anavuta kidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto na kuhesabu kwa sauti ya gwaride. Kwa upande wa serikali, mkono ule ulikuwa umepona kabla mimi sijaanza shule.

Halafu chifu akatangaza kwenye baraza kwamba askari wa zamani walioumia kazini wapeleke madai yao mjini Kericho. Atakayekubaliwa atapata malipo ya ulemavu kila mwezi. Koplo alikuja kwangu siku ile ile kwa sababu nilijulikana kuwa na kalamu mbili. Akaniambia malipo yakija atashukuru, hawezi kusema hatashukuru, lakini kitu anachotafuta hasa ni maandishi.

"Iandikwe haukupona," akasema. "Nikifa leo, kitabu kinasema nilikuwa mzima na mvivu."

Tukajaza fomu. Daktari wa hospitali ya Kapkatet akauvuta ule mkono, akauchoma kwa sindano hapa na pale, akaandika wazi kwamba haufanyi kazi na hautafanya. Ilikuwa barua nzuri. Kama Koplo angekwenda Kericho na barua ile peke yake, nadhani mambo yangeishia hapo.

Lakini huku kwetu hakuna mtu anayekwenda ofisini na karatasi moja. Huku kwetu unabeba risiti za majani, zile karatasi anazoandika karani baada ya kupima. Ukienda kumwombea mtoto nafasi ya shule, unabeba risiti. Ukienda kumdhamini ndugu yako polisi, unabeba risiti. Nimeona mtu akienda kuposa na risiti za miaka miwili zimefungwa kwa uzi, na wazee wa upande wa msichana wakazipitia moja moja mpaka wakaridhika. Risiti inasema wewe ni mtu wa mahali fulani, una shamba, na huamki saa nne. Basi Koplo akafua koti lake, akajaza risiti za mwaka mzima kwenye mfuko wa unga, akaenda kuionyesha serikali kwamba yeye si ombaomba.

Na mimi ndiye niliyempangia zile risiti, mwezi kwa mwezi, nikazipigia pini. Lazima niliseme hilo. Hata nilimwambia zimependeza.

Yaliyotokea Kericho aliyasimulia yeye mwenyewe, bila kuona kosa. Ofisa aliyempokea alisoma barua ya daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akafungua mfuko wa unga. Simlaumu, mtu akikuletea karatasi mia mbili utadhani anataka uzisome. Alizisoma. Akamwuliza Koplo, kwa heshima, ni mkono gani huo mbovu. Koplo akaonyesha wa kulia. Ofisa akauliza, sasa huu wa kushoto peke yake ndio unachuma kilo thelathini na nane kwa siku moja?

Koplo aliona amepata mtu wa kuvutiwa na shamba lake. Akamwambia kuna siku zinafika arobaini na tano.

Wiki mbili baadaye barua ikaja kituoni. Haikuandikwa kwa kiwanda wala kwa kamati ya wakulima wa kituo, iliandikwa kwa karani. Ilisema nithibitishe kama mkulima wa namba ile huchuma na kuleta majani yeye mwenyewe.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyekuwa amelisema. Namba ya mkulima ilikuwa ya mwanaume. Majani yalichumwa na mama. Mama ndiye aliyeamka kabla ya umande kukauka, mama ndiye aliyebeba kikapu mpaka kituoni, mama ndiye aliyesimama foleni mbele ya mizani yangu. Mimi nilimwuliza namba, akanipa, nikaandika jina la mume wake. Siku ya kutangaza bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka, niliwaona kituoni wanaume ambao sikujua bado wako hai.

Bibi ya Koplo alikuwa mama mfupi mwenye gambuti zilizomfika magotini. Sikumjua sana kwa sura kwa sababu siku zote alikuwa ameinama. Nilimjua kwa majani. Kazi yangu ilikuwa kuyamwaga juu ya gunia na kuyakagua kabla ya kupima, na ya kwake yalikuwa majani mawili na chipukizi lake, mawili na chipukizi, mpaka chini ya kikapu, yamekatika mahali pamoja kama yamekatwa na mashine. Alikuwa na ufito mrefu alioulaza juu ya chai wakati wa kuchuma ili uso wa shamba ubaki sawa kama meza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Hata Jumapili kanisani vilikuwa vyeusi.

Niliandika majibu mara tano. Ya kwanza yalikuwa marefu mno na yalimtaja Mungu. Mwishowe nikabaki na mistari mitatu: Mwenye namba hii ni mwanaume. Anayechuma na kuleta majani ni bibi yake. Mimi huandika mwenye namba. Nikaona hapo sijamwonea mtu.

Lakini barua ya kituo bila muhuri si barua, na muhuri ulikaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama, halafu akatafuta kiti. Kesho yake akaita kamati.

Niwe wa haki kwa mwenyekiti. Kile kibanda cha kituo kilijengwa kwa mbao zake. Wakati lori lilipoacha kuja upande wetu, ni yeye aliyelala kwenye lango la kiwanda mpaka likarudi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini siku ile aliweka barua yangu mezani kama mtu anayeweka panya aliyekufa, akasema ukiandika mmoja hachumi, umeandika sisi wote hatuchumi.

"Kesho hawa mama watataka namba," akasema. "Kesho kutwa watataka bonasi. Siku ya tatu watakaa hapa kwenye hii benchi. Na sisi tutakaa wapi, karani?"

Benchi kweli ilikuwa moja.

Mazungumzo yalikuwa marefu. Mmoja alisema kuchuma si lazima kuwe kwa mkono, mtu anaweza kuchuma kwa kusimamia. Mwingine akasema yeye huchuma, ila si siku ambazo watu wanaona. Nilitazama mikono yao juu ya meza. Walikuwa saba, na sikuona kidole kimoja cheusi. Nje, wake zao walikuwa wamekaa juu ya vikapu wakingoja kamati imalize ili nipime majani.

Koplo alikuwa ameitwa kama mwenye jambo. Mwenyekiti akamwuliza majani ya namba yake ni ya nani. Koplo akasimama wima. Nilijua anachohitaji kusema. Alihitaji tu kusema hawezi. Lakini kuna maswali ambayo mwanaume wa huku hawezi kuyajibu namna hiyo mbele ya wanaume wenzake, hata akilipwa kila mwezi.

"Ni yangu," akasema.

Basi ikapitishwa, mikono saba juu, na wa nane ukiwa wa Koplo mwenyewe, ule wa kulia, uliokuwa umetundikwa kofia: kila mkulima wa kituo hiki huchuma majani yake mwenyewe. Nikaambiwa nikate mstari wa pili ndipo nipigiwe muhuri.

Niliukata. Lakini nilitumia rula, mstari mmoja mwembamba katikati ya maneno, kama tulivyofundishwa shuleni: kosa likatwe kwa usafi, lisifutwe, mwalimu aone ulichokosea. Sikufanya kwa ujanja. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya kwa ujanja. Nadhani nilifanya tu kwa usafi. Mwenyekiti hakulalamika, alipenda usafi pia. Akapiga muhuri.

Baada ya mwezi hivi yule ofisa wa Kericho akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la mvua na viatu vya mjini ambavyo tope letu lilivikaribisha vyote viwili kwa pamoja. Alipewa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa bibi ya Koplo, akamaliza kibuyu, kwa hiyo najua alikuwa mtu mzuri. Aliniambia kando kwamba katika barua yangu mstari alioelewa ni ule uliokatwa. Lakini hawezi kuweka mstari uliokatwa kwenye faili. Lazima aone kwa macho.

Akatoa amri: Koplo achume nusu saa, peke yake, halafu yapelekwe kituoni yapimwe kama siku nyingine yoyote. Bibi yake asimame nje ya shamba.

Hapa ndipo nilipoogopa. Mtu mwingine angejua la kufanya, angekunja uso, angelalamika, angeacha kikapu kitupu. Koplo alikuwa amepewa amri na mtu wa serikali mwenye faili. Alivuta pumzi, akafunga kikapu mgongoni, akaingia ndani ya chai kama mtu anayekwenda kuteka kilima.

Aliinamisha matawi kwa mkono ule uliokunjika, na kwa wa kushoto akanyofoa. Alinyofoa kila kitu. Majani ya zamani, magumu kama ngozi ya kiatu, mashina, machipukizi ambayo yalikuwa ya wiki ijayo, na wakati mmoja kiota cha ndege. Nyuma yake uso wa shamba, ule uliokuwa sawa kama meza, ulibaki kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na mtoto mwenzake. Ofisa alitazama saa. Mimi nilimtazama bibi yake. Alikuwa amesimama barabarani na ufito wake, na kila tawi lilipolia, mguu wake mmoja ulitoka mbele kisha ukarudi.

Nusu saa ikaisha. Koplo akatoka jasho likimtiririka, amejaa furaha. Kikapu kilikuwa kimefika nusu. Tukashuka wote kituoni, Koplo mbele.

Habari ilikuwa imefika kabla yetu. Mama wote walikuwepo, na kamati yote. Mwenyekiti akanivuta mkono akanong'ona nipokee, nipokee tu, ikionekana kwenye kitabu basi tumemaliza. Nikawaza. Mwenyekiti akishinda, Koplo anashindwa, na Koplo mwenyewe anataka mwenyekiti ashinde. Sikuwahi kufundishwa hesabu ya namna hiyo.

Nikamwaga majani juu ya gunia.

Sikuwa na namna. Kazi ni kazi. Nikatenga mashina upande mmoja, majani magumu upande mwingine, kiota nikakiweka juu ya meza. Yaliyobaki hayakujaza kofia. Kwa amri ya kiwanda, kikapu kama hicho karani hakipimi, anakirudisha. Nikamwambia Koplo, kwa heshima zote, siwezi kuyapokea.

Wapo watakaosema nilifanya hivyo kumsaidia. Huenda. Najua majani yalikuwa mabaya. Lakini najua pia kwamba siku moja ya mvua, lori likipiga honi, nilipokea ya mtu mwingine yaliyokaribia ubaya huo. Mpaka leo sijui ni mkono gani wangu uliorudisha kikapu kile.

Koplo alikuwa mwekundu wa macho. Alisahau ofisa, alisahau faili, alisahau Kericho yote.

"Majani yangu hayajawahi kurudishwa hapa," akasema. "Miaka yote. Uliza kitabu. Leo wewe, karani mdogo, unanirudishia mbele ya watu?"

Akataka nipime. Akataka mwenyekiti anishurutishe nipime. Akamgeukia ofisa akamwomba, kama mtu wa haki, aniamuru nipime, na ofisa akawa anaandika haraka na kichwa chini. Mimi nilishika mizani tu.

Ndipo bibi yake akatoka kwenye foleni. Kikapu chake cha asubuhi kilikuwa pale pale, kimefunikwa kwa kitambaa. Alikimwaga juu ya gunia kando ya kile kingine, polepole, mpaka jani la mwisho. Majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi. Halafu akamtazama mume wake, na hakupandisha sauti.

"Hayajarudishwa yangu," akasema. "Yako ndiyo haya. Umeyaona leo mara ya kwanza, na mimi pia."

Mwenyekiti alitazama mbao zake za dari. Koplo alitazama rundo moja, akatazama la pili, muda mrefu, kama mtu anayekagua askari wapya. Mwishowe akachukua jani moja kutoka kila upande kwa mkono wa kushoto.

"Hii ni chai," akasema. Akaliangusha lile lingine.

Ofisa akaniuliza ningeandika nini kitabuni kwa kikapu cha Koplo. Nikamwambia sifuri. Akaniomba niandike, nitie sahihi, na tarehe.

Barua ilikuja wakati wa kupalilia mahindi. Koplo aliileta kituoni bila kuifungua na akasimama wima nikiisoma. Ilikuwa na maneno mengi ambayo sikuyajua, lakini katikati ilisema mkono wa kulia haukupona kama ilivyotarajiwa, na hautapona, na kwamba aliumia akiwa kazini. Malipo yatakuja. Alinifanya nisome mahali hapo mara tatu. Mara ya tatu alisogeza midomo pamoja nami. Halafu akashika kidole cha kwanza cha mkono wa kulia, akakivuta, akahesabu moja.

Nikamwuliza, mzee, sasa mazoezi ya nini.

"Barua inasema haukupona," akasema. "Haisemi niache."

Chini ya barua kulikuwa na mstari mwingine, kwamba kwa kuwa mlipwaji amethibitishwa hawezi kazi ya mikono shambani, nakala imepelekwa kiwandani. Kiwanda nacho hakikutaka kugombana na faili ya serikali, na baada ya muda kikabadilisha namba ile iwe kwa jina la bibi yake. Ilikuwa ya kwanza kituoni petu. Mwenyekiti hakunisalimia mpaka bonasi. Na mwezi huo mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kuniuliza pole pole kama mume mwenye mgongo mbaya anahesabika, na mmoja aliuliza kama uvivu wa siku nyingi daktari anaweza kuuona. Niliwajibu sijui. Kweli sikujua.

Miezi michache baadaye Koplo alikuja kituoni na koti lililofuliwa na mfuko wa unga mtupu. Alikuwa ameombwa kwenda Chepseon na wazee wengine kumposea mpwa wake. Alisimama kando ya foleni, akakohoa, akamwambia bibi yake kwamba wale watu wa Chepseon hawamjui, na hawezi kwenda mikono mitupu, kwa hiyo anaomba zile risiti.

"Si una barua ya mkono," bibi yake akamjibu. "Beba hiyo."

Mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Koplo alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua ipite. Nikapima kikapu cha bibi yake, nikaandika risiti. Akawapa wengine mgongo kwanza ili wasimwone, akaniomba nimsomee. Nikamsomea jina lake, halafu kilo. Akaniomba nirudie jina. Akaikunja mara moja, akamwendea mume wake, akaipenyeza katikati ya vile vidole visivyofunguka, mahali ambapo siku zote palikaa kofia.

"Moja inatosha," akasema. "Na uirudishe."

Koplo akaondoka nayo vile vile, mkono mbele, akipanda njia. Daftari langu la siku ile linasema: "Jua kali. Lori limewahi. Mama, kilo arobaini na moja. Koplo, risiti moja, ya kuazima." Kama aliirudisha, sikuandika.